Mkataba na Mlango wa Forodha: Wafanyabiashara wa Salem katika Unguja, 1833–1870

Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Maskati, Seyyid Said bin Sultan na Edmund Roberts, mjumbe wa Rais wa Marekani, walitia sahihi mkataba wa urafiki na biashara. Kwa upande wa wageni mkataba huo ulikuwa mwema kupita kiasi. Raia wa Marekani walipewa ruhusa ya kuingia bandari zote za Seyyid, kununua na kuuza na mtu wamtakaye, kwa bei watakayopatana wenyewe. Ushuru wao ulikuwa asilimia tano tu ya mali iliyoteremshwa pwani. Merikebu yao ikivunjika katika milki yake, mabaharia watunzwe kwa gharama ya Seyyid mpaka wapate njia ya kurudi kwao. Jambo moja lilizuiwa waziwazi: bunduki, baruti na risasi, katika kisiwa cha Unguja, ziliweza kuuzwa kwa serikali peke yake.

Mtu akiusoma mkataba huo bila ya kujua mengine atadhani kwamba mgeni hakubakiwa na kizuizi ila bahari. Walakini Richard Palmer Waters wa Salem, katika Massachusetts, aliposhuka Unguja mwezi Machi 1837 kuwa balozi wa kwanza wa Marekani, alikuta mambo yana sura nyingine. Karatasi ilimpa haki ya kumwuzia nguo mtu yeyote. Haikumpa tishari la kuziteremsha nguo hizo, wala mahamali wa kuzibeba, wala mizani ya kupimia pembe, wala mtu wa kumwambia ni nani mwenye pembe na ni nani mwenye maneno matupu. Vitu vyote hivyo vilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, Jairam Shivji, naye jina lake halimo mahali popote katika mkataba.

Roberts mwenyewe alikuwa ameonja shubiri hiyo kabla hajawa mjumbe. Alifika Unguja mwaka 1827 akiwa mfanyabiashara kutoka Portsmouth, New Hampshire, akahangaika na mali yake kwa miezi kadhaa. Biashara, alilalamika, ilipita mikononi mwa watumishi wa Seyyid, nao ndio waliopanga bei. Mwezi Januari 1828 alionana na Seyyid Said, aliyekuwa amefika kisiwani, akamweleza shida zake. Seyyid alimsikiliza kwa hisani, kwa kuwa naye alikuwa na haja zake: alitaka silaha, na alitaka rafiki asiye Mwingereza. Mkataba wa 1833 ulitokana na mazungumzo hayo. Roberts hakuishi kuyaona matunda yake, maana alifariki Macao mwaka 1836, akiwa bado katika kazi ya ujumbe.

Yafaa kukumbuka kwamba Wamarekani hawakuungoja mkataba ndipo waje. Salem ilikuwa bandari ndogo iliyosongwa na Boston na New York, na matajiri wake walizoea kwenda kule ambako wakubwa hawajafika. Daktari W. S. W. Ruschenberger, aliyefika Unguja mwaka 1835 katika manowari ya Marekani, aliandika hesabu ya merikebu za kigeni zilizotia nanga hapo baina ya Septemba 1832 na Mei 1834. Jumla zilikuwa 41; katika hizo 32 zilikuwa za Marekani na 7 za Uingereza. Wageni hawa, basi, walikwisha kuujua mji kwa macho. Kuujua kwa ndani lilikuwa jambo jingine.

Serikali ya Seyyid haikuwa na makarani wengi wa kukusanya ushuru. Desturi ilikuwa kumkodisha tajiri mmoja forodha yote: alilipa kila mwaka kiasi kilichopatanwa, na chochote kilichozidi kikawa faida yake. Jairam Shivji, Mhindi wa jamaa ya Bhatia kutoka Kutch, aliishika forodha hiyo tangu katikati ya miaka ya 1830, na nyumba yake ya biashara iliendelea nayo hata baada ya yeye kurudi kwao, chini ya usimamizi wa Ladha Damji. Kodi iliongezeka pamoja na biashara ya nchi. Katikati ya miaka ya 1860, katika ufalme wa Seyyid Majid, ilifika reale 310,000 kwa mwaka. Mwenye forodha aliukopesha ufalme pia, hata ikawa vigumu kusema ni nani aliyemtegemea mwenziwe zaidi. Mgeni aliyeenda kwa Seyyid kumshitaki Jairam alipokewa vizuri, akanyweshwa kahawa na sharubati, akaahidiwa barua. Na barua ilikwenda kwa Jairam.

Lakini nguvu za Jairam hazikutoka katika cheo peke yake. Watu wake walikuwapo Mrima, katika bandari ambako misafara ya bara ilishuka. Tishari na mashua zilimtii. Mahamali wengi walikuwa watumwa wa watu waliokuwa na hesabu naye. Nahodha aliyetia nanga mbele ya mji, na kila siku ya kungoja ikimla mshahara wa mabaharia na chakula chao, hakuweza kushindana na mtu aliyekuwa na uwezo wa kusema, kwa upole kabisa, kwamba leo hakuna mashua.

Waters aliyaelewa hayo mapema kuliko wenziwe, akachagua. Alipatana na Jairam kwamba shehena zilizoletwa kwake zipitie kwa Jairam, na Jairam amtafutie pembe, sandarusi na ngozi za kujaza merikebu. Faida ya mapatano ilionekana upesi. Merikebu za rafiki zake wa Salem zilishusha na kupakia bila ya taabu, na nahodha aliondoka kabla pepo hazijambadilikia. Hasara yake iliwaangukia wengine. Robert Norsworthy, Mwingereza aliyekuwa wakala wa nyumba ya Newman, Hunt and Christopher ya London, alilalamika sana; na pamoja naye walilalamika Wamarekani wasiokuwa katika shirika la Waters, hasa wale wa New York. Walisema kwamba asiyepita kwa Waters na Jairam hapati soko, wala mashua, wala mchukuzi, na kwamba kifungu cha mkataba kilichowapa haki ya kununua na kuuza na mtu wamtakaye kilikuwa kimekufa.

Hapa ndipo penye uchungu wa habari hii. Marekani haikumpa balozi wake mshahara. Ilimwachia afanye biashara apate kula. Kwa hiyo mtu aliyewekwa kulinda haki za Wamarekani wote alikuwa mshindani wao sokoni, tena mshirika wa yule waliyemshitaki. Kumlaumu Waters ni rahisi, na waliomlaumu katika barua zao hawakupungukiwa na maneno. Lakini wengi wa walalamikaji, kama ilivyobainika baadaye, hawakuuchukia mlango wa Jairam kwa kuwa ulifungwa. Waliuchukia kwa kuwa ulimfungukia mwingine. Waters alipoondoka mwaka 1844, akarudi kwao Massachusetts akiwa mtu wa mali, waliobaki hawakuuvunja mfumo ule. Walitafuta namna ya kuingia ndani yake.

Mpaka mwingine uliwekwa katika ramani. Mkataba wa Waingereza wa mwaka 1839 ulisema wazi kwamba pembe na sandarusi za pwani ya Mrima, tangu Mtangata hata Kilwa, zilihifadhiwa kwa ajili ya Seyyid na watu wake. Mkataba wa Wamarekani haukuwa na kifungu kama hicho, kwa maana Roberts alikuwa ameandikiwa bandari zote. Seyyid Said alishikilia kwamba Mrima haikukusudiwa, na Wamarekani wakashikilia maandishi. Ugomvi huo ulikwenda na kurudi kwa barua kwa miaka mingi, na pembe katika miaka hiyo zikaendelea kuja Unguja katika majahazi ya wenyeji, zikipita forodhani, kama Seyyid alivyotaka. Mwenye sheria alikuwa na hoja, na mwenye majahazi alikuwa na pembe.

Juu ya forodha palikuwa na wakati. Safari ya merikebu kutoka Salem hata Unguja ilichukua miezi mitatu au minne. Barua ikiandikwa, jibu lake lilikuja baada ya zaidi ya nusu mwaka, na mara nyingi lilikuta jambo lililoulizwa limekwisha pita. Wakala aliyeketi Unguja alilazimika kuagiza nguo za mwaka ujao bila ya kujua kama njia ya Unyamwezi itakuwa salama, au kama wenye misafara watarudi na pembe au na madeni. Kaskazi ilileta majahazi ya Bara Hindi na Arabuni, kusi ikayarudisha. Aliyefika na mali yake katikati ya msimu usio wake aliuza kwa bei ya mtu mwenye haraka, na kila mtu sokoni aliijua haraka yake. Wenyeji husema kwamba mgeni ni kuku mweupe: huonekana mbali. Katika soko la Unguja weupe huo ulikuwa na thamani yake kwa reale.

Na hizo reale zenyewe zilikuwa elimu. Ilikuwako reale ya Sham, yenye sura ya malkia Maria Theresa, na ilikuwako reale ya mzinga ya Wahispania, ambayo watu waliiita hivyo kwa kuwa nguzo zake mbili zilifanana na mizinga. Thamani ya moja kwa nyingine ilipanda na kushuka. Pembe zilipimwa kwa frasila, nguo zilihesabiwa kwa jora, na katika kila kipimo palikuwa na desturi ambayo mgeni aliifahamu baada ya kuilipia.

Zaidi ya yote kulikuwa na mali kauli. Mmarekani hakuuza nguo zake kwa fedha mkononi ila mara chache. Aliwapa wafanyabiashara wa Kihindi wa mjini kwa ahadi ya miezi kadhaa. Wao waliwapa Waarabu na Waswahili waliokwenda bara kwa ahadi ndefu zaidi, maana msafara uliweza kukaa mwaka mzima, hata miaka miwili, kabla ya kurudi. Katika kila pingili ya mnyororo huo bei ilipanda kidogo, kwa kuwa kila aliyekopesha alihesabu kifo, moto, vita na uongo. Wageni wa Ulaya na Marekani waliuita mnyororo huo unyang'anyi. Lakini mgeni aliyetaka kuuruka alipaswa kumjua mdaiwa aliyeko Tabora, jamaa zake walioko Bagamoyo, shamba lake lililoko Unguja, na kadhi atakayemsikiliza. Tajiri wa Kihindi aliyajua hayo. Alichomtoza mgeni kilikuwa, kwa sehemu kubwa, bei ya maarifa ambayo mgeni hakuwa nayo na hakukaa muda wa kutosha kuyapata.

Hata hivyo Wamarekani walikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kuwanyang'anya kwa miaka mingi, nacho kilikuwa nguo yenyewe. Ilikuwa nguo ya pamba isiyotiwa rangi wala kusafishwa weupe, nzito, isiyojazwa wanga wa kudanganya mkono. Ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, na baada ya mwaka 1847 hata Salem yenyewe ilikuwa na kiwanda chake cha mvuke, Naumkeag. Watu wa bara waliitambua kwa kuigusa. Viwanda vya Uingereza vilitoa nguo za bei nafuu, lakini msafara uliobeba nguo isiyotakiwa njiani ulikuwa umebeba mzigo tu. Ndivyo ilivyokuwa kwa shanga pia: nchi moja ilitaka rangi hii, nchi ya pili ikaikataa kabisa, na mfanyabiashara aliyejaza ghala lake kwa rangi iliyopitwa na wakati hakuweza kumlaumu mtu. Wenyeji waliipa nguo ile jina la walioileta, merikani, na kwa jina hilo ilifika Unyamwezi, Ujiji na Buganda, mahali ambapo hakuna mtu wa Salem aliyepata kukanyaga.

Waters hakuja Unguja kwa biashara tu. Alikuwa mtu wa dini, naye katika shajara yake aliandika matumaini ya kuwafaa watu kwa mambo ya roho. Aliandika pia huzuni yake alipowaona watumwa wakiteremshwa mjini. Hapana sababu ya kuishuku huzuni hiyo. Lakini msomaji wa leo hawezi kuacha kuifuata shehena yake. Sandarusi aliyonunua ilisafishwa na kupakiwa na watu ambao wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa kwa siku. Mabwana zao walichukua sehemu ya ujira. Neno kibarua lenyewe, yaani barua ndogo, linakumbusha kile cheti alichopewa mtu wa kazi ya siku. Na nguo iliyolipia sandarusi hiyo ilifumwa kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Mfanyabiashara huyu alikuwa mgeni katika nchi ya utumwa, naye alikuwa ametoka katika nchi ya utumwa. Bahari mbili zilizokuwa katikati zilimsaidia kuona wa upande mmoja kwa uwazi kuliko wa upande wa pili. Kati ya shida zote za mgeni katika biashara ya ugenini, hii ndiyo ambayo hakuna mkataba ulioigusa: ya kwamba hawezi kushika mali ya nchi bila ya kushika na namna inavyopatikana.

Wajerumani walikuja baadaye, nao walikuta viti vyote vimekaliwa. Nguo ilikuwa ya Wamarekani, pembe zilikuwa na wateja wake wa Connecticut, London na Bombay, na forodha ilikuwa na mwenyewe. Nyumba ya O'Swald ya Hamburg, iliyofungua ofisi Unguja mwaka 1849, haikupoteza nguvu kugombea viti hivyo. Iliokota kitu ambacho matajiri wengine hawakukijali: kauri, simbi ndogo za pwani. Huko Afrika ya Magharibi kauri zilikuwa fedha ya sokoni. Merikebu za Hamburg zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema zimejaa simbi zilizookotwa na wanawake na watoto katika fukwe za Afrika ya Mashariki, zikazitoa pande za Lagos na Whydah kwa mafuta ya mawese. Faida ilikuwa kubwa mno. Ilikuwa kubwa hata ikajila yenyewe, kwa kuwa kauri nyingi zilizomwagwa katika masoko yale zilishusha thamani ya kauri zote, na maskini waliokuwa wameweka akiba yao humo wakajikuta wameshika mafungu ya simbi. Mkataba rasmi wa miji ya Hanse na Unguja ulikuja mwaka 1859, biashara ikiwa imekwisha kuwa na miaka kumi. Kwa Wajerumani karatasi ilifuata biashara. Kwa Wamarekani ilitangulia. Waliofaidika haraka zaidi walikuwa wale ambao hawakuitegemea.

Ingekuwa kosa kumfanya Jairam na wenziwe kuwa wenyeji, eti kwa kuwa walikuwa wameshika mlango. Wao nao walikuwa wageni. Walivuka bahari kutoka Mandvi na bandari nyingine za Kutch na Kathiawar, na ugeni wao waliulipia kwa sarafu ambayo Wamarekani hawakutaka kuitoa. Wahindu wa Bhatia, kwa kuzuiliwa na miiko ya jamaa yao, kwa muda mrefu hawakuwaleta wake zao. Mtu aliishi Unguja miaka mingi mbali na nyumba yake, akila chakula cha kupikiwa na watu wa kabila lake, akirudi kwao mara chache. Makhoja waliwaleta wake na watoto, wakazaa na kuzika hapa. Kijana alianza katika duka la mjomba bila ya mshahara wa maana, akajifunza Kiswahili kwa wateja na hesabu kwa wazee, na baada ya miaka akapewa mali kauli ya kwanza. Akishindwa, jamaa yake iliaibika. Akifaulu, jamaa yake ilifaidika. Tharia Topan, Khoja aliyekuja Unguja akiwa mtoto na asiye na kitu, mwaka 1876 aliishika forodha ile ile iliyokuwa ya nyumba ya Jairam. Kijana wa Salem alikuja akiwa na mkataba wa nyumba yake wa miaka michache, akaihesabu miezi, akaogopa homa, na moyo wake ulikuwa katika siku ya kurudi. Si ajabu kwamba walipokaa mezani kufanya hesabu, mmoja alikuwa na haraka na mwingine hakuwa nayo.

Baadhi ya wageni walishindwa na mambo madogo kuliko hesabu. Charles Ward, balozi wa Marekani baada ya Waters, aligombana na Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mizinga ya heshima ambayo bendera yake haikupigiwa, akaondoka Unguja kwa hasira. Marekani ilileta manowari kudai heshima hiyo. Biashara haikungoja mizinga. Makarani wa Salem waliobaki waliendelea kupima pembe.

Kama mtu anadhani kwamba shida hizi zilitokana na tabia ya Unguja au ya Waarabu, basi na aitazame safari iliyokwenda upande wa pili. Tarehe 30 Aprili 1840 merikebu Sultanah ya Seyyid Said iliingia bandari ya New York. Aliyeaminiwa mali ya Seyyid ni Ahmad bin Naaman. Ndani yake mlikuwa na pembe 108, masanduku 81 ya sandarusi, magunia 135 ya karafuu na ngozi 1,000, pamoja na tende, kahawa na mazulia, na zawadi kwa Rais Martin Van Buren, farasi wawili wakiwamo. Watu wa New York walijaa gatini kuwatazama mabaharia na mavazi yao, na si wote waliotazama kwa adabu. Zawadi zilizusha shida, kwa kuwa sheria ya Marekani haikumruhusu Rais kujitwalia zawadi za wafalme. Baraza la nchi lilipaswa kukata shauri, na farasi wakauzwa mnadani. Haikosi Ahmad bin Naaman alishangaa kuona farasi wa mfalme wakinadiwa, kama vile Waters alivyoshangaa kuona forodha ya mfalme imekodishwa.

Na mali je? Ahmad bin Naaman hakuweza kuisimamisha sokoni akaiuza mwenyewe. Ilipaswa kupita kwa nyumba ya Barclay and Livingston, iliyoiuza kwa niaba yake na kumnunulia mali ya kurudi nayo, merikani, shanga, bunduki na baruti. Serikali ya Marekani ilimtendea wema mkubwa, ikaitengeneza merikebu yake katika karakana ya manowari bila ya kudai malipo. Lakini wema wa serikali ni kitu kimoja na soko ni kingine. Katika mkataba wa 1833 palikuwa na ahadi kwamba raia wa Seyyid nao wangepokewa katika bandari za Marekani, na bandari kweli ilifunguliwa. Hapakuwa na mtu wa Unguja aliyekaa New York kungoja bei ipande, aliyejua ni nani alipaye na ni nani achelewaye, wala jamaa wa kumdhamini. Sultanah iliondoka mwezi Agosti, ikafika Unguja mwezi Desemba, na biashara ya kudumu kutoka Unguja hata New York katika merikebu za Seyyid haikupata kusimama. Nyumba za Salem zilikuwa na Jairam. Unguja haikumpata Jairam wake wa New York.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kutoka mwaka 1861 hata 1865, vilikata pamba ya kusini, na bei ya merikani ikapanda hata misafara ikaanza kutafuta nguo nyingine. Nguo za Uingereza, na baada yake za Bombay, ziliingia katika nafasi hiyo. Vita vilipokwisha Wamarekani walirudi na sehemu ya soko ikawarudia, lakini wateja walikuwa wamekwisha jifunza kugusa nguo nyingine. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, ukaipa Ulaya njia fupi ambayo haikuwa na faida kwa mtu anayetoka Massachusetts. Katika Marekani yenyewe Boston na New York zilikuwa zimekwisha imeza biashara ya Salem. Mwaka 1870 merikebu Glide ilishusha Salem shehena ya mwisho kutoka Unguja, na baada ya hapo mali ya Unguja ilikwenda katika bandari nyingine.

Forodha ilibaki ikikodishwa, na merikani iliendelea kutoka mlangoni mwake kwenda bara. Wachukuzi waliibeba, wenye misafara waliihesabu kwa jora na kwa doti, na wanunuzi wa Tabora waliitaja kwa jina lile lile la zamani, ingawa katika miaka iliyofuata nguo iliyouzwa kwa jina hilo ilizidi kufumwa Bombay.